Uzi Mwekundu wa Wifi

Mama Pacha aliingia kazini akimalizia kipande cha mkate kilichobaki kwa watoto. Mkate ulikuwa umepanda bei tena, na kila ulipopanda bei ulizidi kuwa mwembamba, kana kwamba wenyewe uliona haya. Alikimeza pale mlangoni, kwa sababu ndani ya karakana hakuna anayekula. Ukifungua mdomo ovyo unakula manyoya.

Manyoya ndiyo yaliyokuwa kazi yao. Kiwanda kile hakikutengeneza uzi wa kushonea suruali. Kilitengeneza uzi wa mapambo: uzi wa vikunjo, uzi wa mafundo ya rangi, uzi wa kumetameta, na ule uliopendwa kuliko yote, uzi mnene, laini, wenye manyoya pande zote, ambao wafanyakazi waliuita kiwavi. Kiwavi kilikwenda kwenye mapazia ya hoteli na kwenye makochi ambayo mtu akikaa hataki kuinuka. Waliokitengeneza walikuwa wametundika shuka kuukuu madirishani mwao, na maisha yalisonga.

Mashine ya kiwavi ilikuwa ndefu, na vichwa vyake vilijipanga kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Katika kila kichwa uzi ulijizungusha kwenye kibamba cha chuma, kisu cha duara kikaukata vipande vifupi, kisha nyuzi mbili nyembamba zikavidaka vipande vile na kujisokota navyo. Kilichoshuka chini na kujiviringa kwenye bobini kilikuwa kizuri mno. Wageni walioletwa kutembezwa walikishika na kusema "aa, laini!" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kisu kiko wapi.

Asubuhi hiyo mashine iliyo karibu na ngazi ya kupandia ofisini ilikuwa kimya. Kwenye mpini wake wa kuwashia palikuwa na uzi mwekundu.

Mwenzangu ambaye hukuwahi kufanya kazi ya mashine, elewa jambo hili kwanza. Mtu akitaka kuingiza mkono ndani, kuondoa manyoya yaliyoziba au kupitisha uzi uliokatika, anazima, kisha anafunga uzi mwekundu kwenye mpini. Uzi ukiwa pale mpini hauguswi, awe nani awe nani. Aliyeufunga ndiye anayeufungua. Kiwanda kiliahidi kuleta kufuli za kazi hiyo tangu enzi za meneja aliyepita, kufuli hazikuja, na uzi walikuwa nao tele. Kuna mama mmoja aliwahi kwenda zake nyumbani akiwa amesahau kuufungua. Mashine ilimsubiri. Alifuatwa kwake, akaletwa na taulo kichwani na povu masikioni, akafungua, na zamu nzima ikamcheka mpaka machozi. Lakini hakuna aliyefikiria kumfungulia.

Uzi wa asubuhi hii ulifungwa na Wifi.

Wifi alikuwa mdogo wa mume wake Mama Pacha, na Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Kwa kuwa alimwita wifi mbele ya watu, kiwanda kizima kikadaka: wanawake wakamwita Wifi, wanaume wakamwita Wifi, hata mlinzi wa getini, ambaye hakuwa na dada wa kuolewa wala kaka wa kuoa, alimwita Wifi. Alikuwa binti wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

Jana yake mchana alizima mashine, akafunga uzi wake, akainua kifuniko, akaanza kuchokonoa manyoya yaliyokwama kwenye kisu. Msimamizi wao, ambaye walimwita Chapchap kwa sababu hakuwa na neno jingine, alipita, akaona mashine imelala na mzigo wa hoteli unasubiriwa, akausukuma mpini. Uzi mwekundu aliuona. Aliusukuma mpini pamoja na uzi wake. Kwa kawaida kifuniko kikiwa wazi mashine haiwaki, lakini kwenye swichi ya kifuniko Chapchap alikuwa ameshindilia kipande cha kartoni wiki hiyo hiyo, ili watu wasipoteze muda kufungua na kufunga.

Mama Pacha alikuwa kwenye mashine ya pili kutoka kwake. Ukelele ule aliusikia juu ya kelele zote, na mpaka sasa alikuwa akiusikia. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimekwenda.

"Mama Pacha!" Chapchap alimjia mbio kabla hajavaa hata koti lake la kazi. "Nimekuamkia mapema leo. Unaniona nilivyo mpole?"

"Nakuona."

"Sikiliza. Kuna mkaguzi wa serikali yuko juu kwa meneja. Watu wa hospitali wamempigia simu, hawana kazi wale. Anashuka baada ya chai. Anataka kuona mashine." Alishusha sauti, ingawa kwa kelele zile hata angeimba hakuna ambaye angemsikia. "Akute inafanya kazi, kifuniko kimefungwa, kila kitu safi. Wewe fungua huo uzi, washa."

"Si wangu."

"Wa wifi yako! Damu moja! Ukifungua wewe hakuna atakayenung'unika."

"Na ile kartoni?"

Chapchap alitazama pembeni. "Kartoni gani?"

Hapo Mama Pacha akaelewa mchezo wote. Kartoni ilikwisha chomolewa. Kilichobaki ni uzi, na uzi ukifunguliwa, Wifi anakuwa msichana mzembe aliyeingiza mkono kwenye mashine inayozunguka. Mzembe halipwi fidia. Mzembe hatibiwi kwa gharama ya kiwanda, na mzembe akirudi getini anaambiwa nafasi imekwisha jazwa. Uzi ule mpinini ndio pekee uliokuwa ukisema kwamba Wifi alizima, na kwamba mtu mwingine aliwasha.

"Sifungui," alisema.

"Mama Pacha, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Tumetoka mbali ndiyo. Ndiyo maana unajua sifungui."

Uso wa Chapchap ulibadilika. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine, ni kwamba alikuwa mwoga, na mwoga aliyepewa cheo ni balaa. "Nyumba yenu inakula kutoka hapa hapa," alisema. "Mmoja amekwisha kaa nyumbani. Unataka mkae wawili? Hao pacha wako watatafuna uzi?"

Maneno hayo yalimchoma. Alijiona akirudi nyumbani mchana kweupe, mume wake akiinua kichwa na kuuliza kulikoni. Mwenye nyumba wao alikuwa amepandisha kodi juzi tu, kwa sababu, alisema, kila kitu kimepanda. Kila kitu isipokuwa mshahara. Kwa kitambo kidogo Mama Pacha aliutazama ule uzi akaona jinsi ilivyo kazi ndogo: kuvuta ncha tu.

Badala yake aliusogelea mpini, akageuka, akauegemea kwa mgongo.

"Leta mkasi," alisema. "Ukate mwenyewe, mbele ya watu."

Chapchap akaleta mkasi kweli. Aliushika juu juu, na mashine zilizo jirani zikaanza kupunguza mwendo, kwa sababu wenye mashine hizo walikuwa wamegeuka kutazama. Wa kwanza kusogea alikuwa fundi mzee wa kutia mafuta, aliyeitwa Mzee Grisi, mtu ambaye siku nzima huongea na beringi za mashine peke yake.

"Mwanangu," alimwambia Chapchap, "ukikata huo, kesho mimi nikiwa chini ya mashine na uzi wangu juu, nitajuaje nitatoka mzima?"

"Mzee, kafanye kazi yako!"

"Kazi yangu ni kuingiza mikono ndani. Ndiyo nakuuliza."

Mzee Grisi akafuta mikono kwenye kitambaa, akaenda taratibu mpaka kwenye mashine ya vikunjo, akaizima, akachomoa uzi mwekundu mfukoni, akaufunga mpinini. Mama wa mashine ya kumetameta akamtazama, akazima ya kwake, akafunga. Akafuata wa uzi wa mafundo. Yule aliyewahi kuletwa na povu masikioni alifunga wa kwake akisema kwa sauti, "Na leo sisahau!" Watu wakacheka, kicheko cha hofu, lakini kicheko. Mashine zikafa moja baada ya nyingine, mpaka karakana yote ikawa kimya, na manyoya yaliyokuwa hewani yakaanza kutua mabegani mwao.

Kelele ya kiwanda huisikii mpaka inyamaze. Mlango wa ofisi juu ya ngazi ulifunguliwa haraka, meneja akatoka. Nyuma yake akatokeza mtu mwenye miwani na chupa ya soda mkononi. Huyo ndiye aliyekuwa mkaguzi. Tangu asubuhi alikuwa pale juu, na kati yake na mashine palikuwa na ngazi fupi tu.

"Mbona kimya?" meneja aliuliza.

"Wamegoma," Chapchap alisema.

"Hatujagoma," Mama Pacha alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, kwa sababu alizoea kushindana na mashine. "Kuna uzi kwenye mpini. Tunamsubiri mwenyewe aje afungue. Ndiyo sheria, na mmeibandika wenyewe ukutani pale."

Kila mtu alitazama ukutani. Bango lilikuwepo, limefunikwa manyoya lakini lilikuwepo.

Meneja alishuka ngazi. Alikuwa mtu wa tabasamu, na wengi waliliogopa tabasamu lake kuliko fujo za Chapchap. Aliuliza kwa upole shida ni nini, akaelezwa, akapiga hesabu zake kichwani: mzigo wa hoteli, mkaguzi, kimya. Kisha akapiga makofi mara moja kama mtu aliyepata suluhisho la ugomvi wa watoto.

"Basi rahisi! Kama ni mwenyewe afungue, aletwe afungue. Gari lipo. Wifi ni mtu wangu, hanikatalii."

Mama Pacha alimjua wifi yake. Alijua pia jinsi hospitali walivyodai walipwe kabla ya kumfunga dawa nyingine, na alijua kwamba ndani ya gari meneja angempaka mafuta kwa mgongo wa chupa: matibabu tutalipa, kazi nyepesi ya ofisini utapata, wewe fungua tu na useme uliufunga baada ya kuumia, kwa kuchanganyikiwa. Ni nani mwenye kidole kilichokatika jana angekataa hayo leo? Angefungua, na haki ya kumlaumu asingekuwa nayo mtu.

Walisubiri. Mkaguzi alikaa kwenye ngazi na soda yake, kwa kuwa kurudi juu sasa kungeonekana vibaya.

Wifi aliingia akishikwa bega na meneja. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji nene mpaka kwenye kiwiko, ukining'inia kifuani. Usiku mmoja ulikuwa umemkondesha. Watu walimpisha njia, na mlinzi wa getini, aliyemfuata nyuma bila ruhusa, alikuwa akilia waziwazi.

"Wifi," Mama Pacha alimwita.

"Wifi," naye akaitika, bila kumtazama usoni, na Mama Pacha akajua kwamba ahadi zimetolewa.

"Haya dada yangu," meneja alisema kwa utamu. "Kama tulivyoongea. Fungua, wenzako warudi kazini. Halafu utamweleza mkaguzi."

Wifi alisimama mbele ya mpini. Aliutazama uzi wake. Kisha akatazama mashine nyingine, nyuzi nyekundu kwenye kila mpini kutoka ukuta hadi ukuta, na akawatazama wenyewe wamesimama kando ya mashine zao. Ni dhahiri hakuambiwa habari hiyo ndani ya gari.

"Hizi zote za nini?" aliuliza.

"Zako," alisema Mzee Grisi.

Wifi alinyoosha mkono wa kushoto, akaishika ncha ya uzi. Meneja akaitikia kwa kichwa kumtia moyo. Mkaguzi akaweka soda chini.

Hakuvuta. Aliizungusha ncha ile mpinini tena, polepole, kwa mkono usiozoea, akainama akaidaka ile ncha nyingine kwa meno. Fundo lilimshinda. Lililegea, akaanza upya, likalegea tena. Fundo ukilifunga peke yako unahitaji kidole cha kulibana katikati, na maisha yake yote alikuwa amezoea kile kile kilichokatika.

"Unafanya nini wewe?" meneja alisema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Tuliongea!"

Wifi aliachia uzi mdomoni ili ajibu. "Uliongea wewe, bosi. Mimi nilikuwa nasikia maumivu." Akamgeukia mkaguzi pale kwenye ngazi. "Niliufunga kabla sijaingiza mkono. Aliyewasha ni huyu hapa."

Chapchap alitazama mkasi uliokuwa bado mkononi mwake kana kwamba hajui umefikaje hapo.

"Ukitoka hapa wewe hurudi tena," meneja alisema. "Na wifi yako pia. Mnanisikia?"

Walimsikia. Siku hiyo karakana ilikuwa kimya, kila kitu kilisikika. Mama Pacha alifikiria pacha wake, na kodi, na ule mkate mwembamba, na aliogopa kama anavyoogopa mtu yeyote mwenye akili timamu.

Wifi aliurudisha uzi mdomoni, akauvuta ukakaza, akaongea kwa meno yaliyobana.

"Nishikie hapa, wifi."

Mama Pacha akaweka kidole chake juu ya fundo.