Pa Kutokea

Kijiji chetu cha Kigwa kizima kilisema binti yangu Pelagia ameacha chuo. Mwanamkuu, jirani yetu anayekaanga vitumbua karibu na stesheni, aliniambia bila kuinua macho: mpwa wake anasoma chuo hichohicho, Tabora mjini, kaona jina limefutwa. Nikacheka. Lakini maneno yale yakanifuata shambani, yakalala nami, yakaamka kabla yangu.

Nilicheka maana Pelagia alikuwa ndani, malaria imemlaza, kila saa anauliza kama ombi lake limejibiwa.

Ombi nililiandika mimi, wiki moja kabla, la kuahirishiwa mtihani. Alinitajia maneno amefumba macho, nami nikayabonyeza kwenye simu yake, katika ukurasa wa chuo wa huduma za wanafunzi. Treni ikapita kwa mbali, chumba kikawa kama kinaelea juu ya mlio wake. Ombi likapokelewa.

"Toka sasa, mama," akanong'ona. "Chaji inaisha." Akasinzia.

Nikatafuta pa kutokea. Neno la kuondoka nililoliona ni moja tu: Jiondoe. Nikabonyeza. Simu ikauliza, una hakika? Sasa mtu umeshaaga, mwenyeji anakuuliza kweli unakwenda, utamjibuje? Nikajibu ndiyo.

Alipopata nguvu tukaenda chuoni. Dada wa dirishani akasoma: mwanafunzi amejiondoa masomoni kwa hiari yake, ombi limefutwa. Pelagia akanitazama. Mpaka leo naona yale macho, kama mtu aliye ng'ambo ya maji.

"Ni kidole changu," nikasema.

Wakamwita Godbless, kijana anayetengeneza kurasa zile. Akanipa simu ya majaribio. "Shikamoo mama. Fanya kama siku ile. Mimi nitakaa kimya, nikitazama tu."

Nikaandika, nikamaliza, nikatafuta pa kutokea. Kidole kikaenda palepale.

Akajishika kichwa. "Mama, hapo ulidhani unafanya nini?"

"Natoka kwa watu, mwanangu. Kwani nyie mkimaliza shida zenu hamuagi?"

Siku hizi pameandikwa Toka, na lile lingine liko mbali, wazi kabisa: Acha masomo. Jina la Pelagia lilirudi mitihani yote imekwisha kupita. Mwaka ule aliurudia mzima.

Basi, mama mwenzangu:

Usishike simu ya mtoto kwa haraka.
Usibonyeze neno kwa kukisia.
Ukiulizwa una hakika, usijibu kwa adabu.
Usione huruma kumwamsha mgonjwa umuulize.