Sauti ya Bi Maureen Stubbs

Jumanne moja ya mwaka 1973, saa nne asubuhi, bendi ya Bunge la Bundi ilikuwa ikirekodi santuri yake ya nne ndani ya zizi la zamani nje ya mji wa Kettering, Uingereza. Wimbo ulikuwa mmoja tu, wa dakika ishirini na mbili, nao ulijaza upande wa pili wote. Ulimhusu mfalme aliyegeuka kuwa hali ya hewa. Mpiga ngoma, Desmond Pryke, alikuwa akila mkate wa nyama ya nguruwe kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea na kazi, kwa kuwa kipande kile cha wimbo kilikuwa chepesi.

Crispin Haldane, mwenye bendi na mwenye joho, akabonyeza kinanda cha kanda. Kila kitufe cha kinanda hicho huzungusha kanda ya mwanamke anayeimba "aaa", na kanda hudumu sekunde nane, basi. Siku hiyo sekunde nane zilipita, sauti ikavuta pumzi, ikaendelea. Kisha kifuniko cha nyuma kikafunguka, akatoka mwanamke wa makamo mwenye aproni, akitanguliza miguu.

"Jamani, chai ipo?" akauliza.

"Ipo. Sukari vijiko vingapi?" Desmond akamjibu.

"Viwili, na maziwa usinibanie. Miaka sita naimba 'aaa' humo ndani, koo limekuwa gome!"

Alikuwa Maureen Stubbs, mpishi wa shule. Watengenezaji wa kinanda walimwita alasiri moja aimbe wajaribu mitambo, wakamwambia ahsante, wakamfungulia mlango. Tangu hapo sauti yake ilikuwa imeingia katika santuri nyingi za Uingereza, na jina lake halikuwemo hata katika moja.

"Mwisho wa wimbo nitakuimbieni mwenyewe," akamwambia Crispin. "Ila jina langu liandikwe kwenye jalada. Mama yangu ana miaka themanini na moja, na mpaka leo ananiona mwongo."

"Naapa kwa joho langu, Bi Maureen."

Akaweka kikombe chini, akaimba. Zizi liling'oka taratibu, likapanda mpaka usawa wa mnara wa kanisa. Ng'ombe wa jirani walipanda nalo, wakicheua. Desmond alijikuta miguu juu kichwa chini, akapiga vizuri kuliko maisha yake yote, huku akicheka hadi akapaliwa na mkate. Ilikuwa raha tupu, hakuna neno jingine. Fundi wa sauti aliandika daftarini kwamba mngurumo wa waya uliomsumbua tangu asubuhi umekwisha. Baadaye Maureen alirudi shuleni kwa basi, kwani viazi vya watoto vilikuwa jikoni.

Santuri ilitoka mwezi Mei. Jalada lake lilimshukuru muuza maziwa, fundi wa gari na mbwa wa Crispin. Maureen hakuwemo. Alipopiga simu, Crispin alimwambia, "Nafasi haikutosha, mpenzi," ingawa juu ya jalada palikuwa na mbingu ya zambarau tupu, ungeweza kuandika majina ya Kettering nzima.

Jumapili mchana mtaa wote wa kina Maureen uliipiga santuri hiyo. Nyumba zilipanda moja moja, pamoja na pazia na sufuria zake, watu wakishangilia madirishani na kupeana keki hewani. Nyumba ya mama yake Maureen ilikuwa juu kuliko zote.

"Mama! Shuka, chakula kinapoa!" Maureen akaita toka mlangoni pake, chini.

"Acha kelele wewe, namsikiliza malaika!"

"Ni mimi huyo, Mama."

"Umeanza tena, Maureen? Jalada nimelisoma lote, hata mbwa yumo." Bibi kizee akafuta machozi ya furaha. "Ungekuwa na sauti kama hii ningejua. Si nimekuzaa mimi?"

Maureen akaingia ndani, akafunga dirisha, maana sauti yake mwenyewe ilikuwa kubwa mno pale mtaani.