Damu Iliyosoma kwa Sauti

Saa tatu kasorobo asubuhi ya Jumanne, mpimaji wa maabara alikuwa akipanga vichupa vya damu pale kichupa cha kumi na saba kilipoanza kusoma. Kilisoma kwa sauti ya chini, bila kuvuta pumzi, kama mtu anayepitia barua yake kabla ya kuifunga. Akakiinua, akakitegea sikio. Vingine ishirini na vitano vilikuwa kimya. Akaandika daftarini, "Namba 17, inasoma," akaendelea na kazi, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kipimo cha ini cha namba kumi na saba kilitoka safi. Siku ya nne mwenye damu ile, mpaka rangi wa majumba, alirudi akiwa na macho ya manjano, na kipimo kile kile kikaonyesha ini limeharibika vibaya. Akalazwa.

Mpimaji aliyaweka majibu mawili kando ya daftari. Damu ilikuwa imejua siku nne kabla ya mashine.

Toka hapo hakukalika. Alipanda ngazi mbili mbili, chai ikampoea mezani, na nyumbani alitia chumvi kwenye maziwa akayanywa hivyo hivyo. Kwa wiki tatu alisikiliza kila kichupa. Tisa vilisoma, tena maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, na wenyewe wote tisa waliugua ini. Alipofungua mafaili yao akakuta wote wanameza vidonge vipya vyeupe vya maumivu ya viungo, vinavyotolewa dirisha la dawa, ghorofa ya chini.

Wifi yake, fundi cherehani mwenye magoti mabovu na mdomo usiojua kupumzika, alikuwa akivimeza tangu Ijumaa. Akaitwa maabara.

"Wifi, kunja mkono wa gauni."

"Mimi naumwa magoti, si ini."

"Kunja tu."

Damu ilianza kusoma kabla kichupa hakijafunikwa. Wifi akainamisha kichwa, akasikiliza.

"Hiyo ni yangu?"

"Yako."

"Mbona inasoma mbio hivyo? Inafukuzwa na nani?"

"Kila chembe nyeupe ya damu yako imebeba kitabu kizima cha vinasaba," mpimaji alimwambia, "lakini inafungua kurasa inazozihitaji tu. Dawa ikianza kuliumiza ini, inafungua kurasa nyingine. Ndizo hizo."

"Na mashine inasemaje?"

"Inasema u mzima."

"Sasa nimwamini nani?"

"Damu yako, wifi. Acha hivyo vidonge leo."

Wifi akavitoa mkobani, akamkabidhi kama anayerudisha kitambaa chenye dosari.

Kila siku damu yake ilisoma polepole zaidi. Siku ya sita ikanyamaza katikati ya sentensi. Macho yake yalikuwa meupe pe. Mawifi wakakumbatiana, wakacheka mpaka mfagizi akachungulia kuona kuna nini.

Kesho yake mpimaji aliingia kwa mganga mkuu na daftari lake na vichupa vitatu. Mganga mkuu alivua miwani, akasikiliza vyote hadi mwisho.

"Hili jambo kubwa," alisema. "Umetuwahisha siku nne nzima."

"Ndiyo, daktari. Basi tuviondoe vidonge."

"Vilipitishwa na kamati. Ngoja niiite."

Kamati ilikuja Alhamisi. Wajumbe walipokezana vichupa, wakakubaliana kwamba damu inasoma vizuri, tena kwa lafudhi safi. Wakaamua kila ambaye damu yake itasoma aachishwe vidonge papo hapo. Kuhusu vidonge vyenyewe, mwenyekiti alieleza kuwa sababu ya kuviondoa haipo tena, kwa kuwa tangu leo wanaoumia watagundulika mapema.

"Na yule mpaka rangi?" mpimaji aliuliza. Marehemu alikuwa amezikwa Jumatatu.

"Huyo alikuwa kabla ya ugunduzi," mwenyekiti alisema kwa upole, akampa mkono wa pongezi.

Mwezi haukuisha, Chumba cha Kusikiliza kikafunguliwa, chenye mlango mzito usiopitisha kelele, na mpimaji akawa mkuu wake. Wiki ya kwanza aliwawahi watu kumi na mmoja. Kila alipomwachisha mmoja vidonge, moyo ulimruka vile vile kama siku ya wifi, na alishuka mwenyewe kulipeleka jina dirisha la dawa.

Pale dirishani foleni ilikuwa ikisogea vizuri. Mfamasia alipokea jina, akalikata kwenye orodha, kisha akamkabidhi aliyefuata pakiti ya vidonge vyeupe yenye karatasi mpya iliyobandikwa juu yake. Maneno yake aliyaandika mpimaji mwenyewe, kwa ombi la kamati: "Meza viwili kwa siku. Siku ya tatu, rudi damu yako isikilizwe."