Mipaka Iliyoondoka na Javel

Kabla hajaniuliza jina, Mwalimu Zacharie aliniuliza kama ninaweza kusimama juu ya kiti bila kuogopa. Nikasema ndiyo. Hiyo ikawa kazi yangu: kutundika dunia.

Dunia ile aliichora mwenyewe juu ya shuka la kitanda cha watu wawili. Bahari alizipaka rangi ya mafuta, ile ya milango. Mipaka na majina ya nchi aliyaandika kwa wino, pole pole, jioni nyingi, nyumbani kwake Butembo. Alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini, na alipostaafu alisema watoto wamemsikia vya kutosha, sasa ni zamu ya wazazi wao. Kila Alhamisi tulishuka Beni kuwafundisha madereva na wachuuzi mambo ya dunia: kwa nini nchi hii inapigana na ile, wengine wanamchagua rais namna gani, kiongozi mzuri ni mtu wa aina gani. Hata jambo kubwa alilileta mpaka nyumbani kwa mtu. "Vita mingi ya dunia," alikuwa anasema, "ni mutu aliamuka mapema, akasogeza miti ya mupaka wa shamba, kisha akakatala kama hapana yeye."

Mimi niliacha shule darasa la tano, tulipokimbia vita kwetu Manguredjipa. Mwalimu na mke wake walinipokea. Wakati wa somo nilikaa nyuma ya shuka na kusikiliza, na hakuna aliyeniona. Nilipenda iwe hivyo.

Wiki moja shuka lilirudi na matope. Na Alhamisi iliyofuata haikuwa ya kawaida. Moustapha, mkubwa wa wasafirishaji kule Beni, alikuwa anatuazima hangari yake, banda kubwa la mizigo, na siku hiyo angekaa mwenyewe asikilize. Akipenda, hangari ingekuwa yetu kila wiki. Asipopenda, angeweka simenti yake humo, na Mwalimu hakuwa na mahali pengine. Nikataka dunia iwe safi. Nikailoweka kwa sabuni ya unga, na tope lilipokataa kutoka nikamimina javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, kama tunavyofanya kwa mashuka yote meupe.

Bahari zilibaki. Kila kitu kingine kilienda na maji. Nilipolianika, Afrika ilikuwa nyeupe kama unga wa muhogo. Hakuna Kongo, hakuna Uganda, hata Ufaransa hakuna.

Nilipaswa kumwambia Mwalimu. Nililikunja, nikalitia ndani ya mfuko.

Asubuhi Kadogo, dereva wa Moustapha, alitupakia mbele ya gari, mimi katikati. Kadogo ni mtu mnene mwenye masharubu, na jina lake linachekesha kila mtu ila yeye. Mwalimu alikuwa na furaha.

"Leo, mama Vagheni, utasikia," akaniambia. Wasichana wote aliwaita mama. "Nitasema juu ya bakubwa benye banaharibu kintu, kisha banasema ni mwingine."

"Basi ni juu yetu siye madereva," Kadogo akasema.

"Hapana! Dereva akianguka mu mufereji, kila mutu anaona. Rais akianguka mu mufereji, banasema mufereji njo ulisogea."

Kadogo alicheka mpaka gari likayumba. Mimi nilitazama magoti yangu. Kwenye kizuizi cha askari nilifungua mdomo ili niseme. Askari akaomba vitambulisho, nikaufunga tena.

Hangarini walikuwa watu kama arobaini. Moustapha alikaa mstari wa mbele, na kando yake mke wake Hadjara na jiko lake la chai. Nikapanda kiti, nikatundika.

Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, inchi ziko wapi? Baliziuzisha?"

Mwalimu akageuka. Alilitazama shuka, kisha akanitazama mimi pale juu ya kiti. Naamini alijua, maana javel ilikuwa inanuka mpaka mlangoni.

"Ni mvua," akasema. "Wiki ilipita, mu njia, mvua iliingia."

Alisema hivyo kwa ajili yangu. Lakini Moustapha akasimama.

"Mvua? Mu gari yangu? Kadogo! Mara ngapi nilikuambia ufunike gari na bâche muzuri? Leo ni kitambaa ya Mwalimu, kesho ni mizigo ya batu. Leta funguo, kazi yako imeisha."

"Patron, mvua hapana iliingia! Shuka ilikuwa mu magoti ya huyu mutoto!"

"Basi, Mwalimu anadanganya?"

Kadogo akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vyake. Kadogo akaanza kutafuta funguo mfukoni, pole pole.

Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu zaidi ya watatu. Lakini nilikuwa bado juu ya kiti, na kila mtu alikuwa ananiona.

"Ni mie," nikasema. Hakuna aliyesikia. "Ni mie! Nilifula dunia na javel!"

Kicheko kikapiga mabati. Hadjara alimwaga chai. "Mwana yangu, javel! Njo ile ile iliua kanzu ya Idi ya huyu bwana," akamwonyesha Moustapha kwa kidole, "na mie nilimuambia ni panya!"

"Ee! Ilikuwa weye?" Moustapha akauliza, na watu wakacheka upya.

Mwalimu hakucheka. Alivua kofia.

"Kadogo, nilidanganya. Nilitaka kumufunika huyu mutoto, nikakutupia weye. Na somo ya leo ilikuwa juu ya ile ile. Unisamehe." Akakaa chini kama mwanafunzi.

Moustapha akaokota kipande cha makaa pale penye jiko la chai, akampa mchuuzi mmoja. "Weye wa Kamango, kule ku mupaka, kuja utuonyeshe, Uganda inaanzia wapi?"

Mchuuzi akachora. Mwingine akaruka. "Haa! Umetia shamba ya baba mukubwa wangu Uganda!" Baada ya muda mfupi wote walikuwa mbele ya shuka wakigombana, na Mwalimu katikati yao, vidole vyeusi kwa makaa, akiuliza, "Mupaka huu nani aliweka? Na alimuuliza nani?" Hakuna aliyetaka kwenda kula. Moustapha alisema simenti itatafuta pahali pengine pa kulala.

Wakati wa kurudi, Kadogo alinifungulia mlango wa mbele. Mwalimu alipotaka kunifuata, akamwekea mkono.

"Papa, weye utapanda kule nyuma na mizigo ya ndizi. Ni leo tu."

"Ni haki," Mwalimu akasema, akapanda na mkoba wake.

Njia yote, kwenye kila shimo, Kadogo alipaza sauti dirishani kuuliza kama Mwalimu bado yupo. Mwalimu alijibu kwamba yupo, ila tupunguze mwendo, ndizi zinamkalia. Na mimi, peke yangu kwenye kiti cha mbele, niliona barabara yote mpaka Butembo.