Vioo Vilivyotazama Mayai

Niliingia kwenye michongoma ya kanisa Jumapili, ibada ikiwa imetoka tu, mbele ya waumini wote. Chanzo kilikuwa adabu. Mke wa mchungaji alinipungia mkono, nami si mtu wa kuacha salamu ya mwenzangu ikae hewani, nikaachia usukani wa pikipiki nikampungia. Kabla sijamaliza kujitoa kwenye miiba, mwanangu alikuwa ameshapigiwa simu.

Mwanangu huyo ndiye kifungua mimba, na anafanya kazi kwenye ofisi ya bima. Kutwa nzima anasoma habari za watu waliogongwa. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba michongoma ilikuwa laini. Alikuja jioni na mkewe, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, akawa anazungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Mama, nimepata mtu wa kununua pikipiki."

"Pikipiki ipi?"

"Mama."

Wanangu wengine wako mbali. Hapa karibu marehemu aliniachia viwili vinavyotembea, mwanangu huyu na pikipiki, na katika hivyo viwili ni pikipiki peke yake inayonisikiliza. Ndiyo inayopeleka mayai yangu kwa wateja. Ndiyo inayonipeleka sokoni, kanisani, na kwenye kaburi lake. Ikiuzwa nitakaa mlangoni na mkoba mapajani, nikisubiri mtu wa kunipeleka, na kila atakayenipeleka atakuwa anatazama saa.

"Tangu nianze kuiendesha sijavunja yai hata moja," nikamwambia.

"Mayai sina wasiwasi nayo."

Mkwe wangu, Mungu ambariki, ndiye aliyepata njia ya katikati. Msusi wake wa nywele alikuwa anaongoza kikundi cha akina mama wa pikipiki. Kila Alhamisi walikwenda pamoja kuuza bidhaa kwenye soko kubwa la mji wa pili, maana barabara ile ina malori, na pikipiki ikiwa peke yake lori linaiona kama nzi. Nami niende nao mara moja. Msusi akisema naendesha salama, pikipiki inabaki. Akisema hapana, inauzwa.

Mwanangu akakubali haraka, kitu ambacho hakikunifurahisha. Mimi nikakubali haraka kuliko yeye. Msusi wa nywele angenifundisha nini mimi? Usiku ule nilimwomba Mungu anipe unyenyekevu, nikapitiwa na usingizi kabla hajanijibu.

Alhamisi nikawakuta kwenye kituo cha mafuta. Msusi mwenyewe wanamwita Kamanda. Ni binti mwembamba, umri wa mwanangu wa mwisho, kofia yake ngumu ni kubwa kuliko kichwa, na mkoba wa kazi ameubeba mgongoni. Nyuma ya pikipiki ya mwanamke mmoja mnene kulikuwa na kreti za mikate zimepangwa hadi usawa wa kichwa, huyo ndiye Mama Mikate. Aliyevaa kizibao cha njano kinachong'aa alikuwa Nesi, ameshastaafu hospitali lakini hajastaafu kuwaamuru watu. Yeye ndiye hukaa mwisho wa msafara. Wengine walikuwa akina mama wa mboga.

Kamanda akapita kwa kila mmoja wetu. Akabonyeza tairi, akajaribu breki, akawasha taa.

"Vioo vya pembeni unavyo, mama?"

"Ninavyo, vyote viwili," nikamjibu kwa fahari, maana mmoja wa wale wa mboga alikuwa na kimoja tu.

Kisha akatupanga. Tusikae mstari mmoja kama siafu, wala wawili wawili kama maharusi. Wa mbele akishika kulia kwa njia yake, anayemfuata ashike kushoto, kama meno ya zipu. Mkono juu, tunasimama. Mguu ukinyooshwa, upande huo kuna shimo. Na kubwa kuliko yote, kila mtu ni mchungaji wa aliye nyuma yake.

"Mtazame kwenye kioo. Usipomwona, punguza mwendo. Aliye mbele yako atakukosa na yeye, atapunguza, hivyo hivyo mpaka inanifikia mimi. Hapotei mtu."

"Na mimi nikae wapi?" nikauliza.

"Nyuma yangu. Wa pili."

Hapo nikavimba. Kanisani huwa nakaa benchi la nne, na hapa siku ya kwanza tu nimepewa kiti cha pili. Nikawatazama wale wa mboga kwa huruma. Baadaye sana ndipo Mama Mikate aliponiambia kuwa nafasi ya pili ni ya wanaoanza, ili Kamanda awaone vizuri.

Tukaondoka. Nilikuwa nimefunga trei za mayai kwa mipira ya kufungia mizigo, nikaendesha kwa mwendo wa mayai, ambao ndio mwendo pekee ninaoujua. Kamanda akipunguza kunisubiri, namkaribia, akiongeza, namwacha aende zake. Ndani ya kofia nilikuwa nasali kwa sauti, kama desturi yangu, na pumzi ya sala ikawa inatia ukungu kioo cha usoni, hivyo kila baada ya ombi nafuta kwa kidole cha glavu. Hivyo ndivyo tulivyovuka daraja refu, lile lisilo na ukingo upande mmoja. Tulipomaliza kulivuka, moyo wangu ukajaa. Nikainua mkono juu nikamshukuru Mungu.

Nyuma yangu breki zikalia kama kuku wanaokimbizwa. Tairi la Mama Mikate likaja kusimama karibu kabisa na trei zangu.

"Kuna nini?" akauliza, anahema.

"Tumevuka salama," nikasema.

Hakuna aliyeitikia amina. Kamanda akarudi taratibu, akafunua kioo cha kofia yake.

"Mama, utashukuru tukifika. Kwa mdomo."

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kwenye mteremko wa pili nikasikia honi nzito nyuma. Mimi mtu akinipigia honi nampisha, ndivyo nilivyolelewa. Nikajisogeza pembeni kabisa, nikapunguza, nikampa na ishara ya mkono apite. Likapita lori la mchanga. Likashindwa kutupita sote, likajiingiza kwenye pengo nililoliacha, kati yangu na Kamanda. Kamanda simwoni tena. Nilipogeuza shingo, Mama Mikate alikuwa ametupwa nje ya lami na upepo wa lori, anayumba kwenye kokoto na kreti zake kama mtu aliyebeba kabati.

Tulipofika sokoni alikuja akasimama mbele yangu, nyusi zake nyeupe kwa vumbi.

"Adabu yako, mwenzangu, imetaka kuniua."

"Nisamehe, mwenzangu. Alipiga honi."

"Angekuambia umpe na pikipiki, ungempa?"

Niliuza mayai yote kasoro moja, kubwa la kahawia, nililomwekea mjukuu wangu. Hakuna lililokuwa na ufa. Nilijipa moyo kwa hilo mpaka Kamanda aliponiita kando, kwenye kivuli cha duka la mbolea.

"Mama, mimi siwezi kumdanganya mtoto wa watu kuhusu mama yake. Jioni atakuja, ataniuliza, nitamwambia nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Unajua mwenyewe."

Nilijua. Nikaegemea ukuta. Pale pale nikawa nauona ule mkoba mapajani.

Labda alinionea huruma, maana alikwenda mwenyewe kuitoa pikipiki yangu juani. Akaikalia, akashika usukani, akatazama kioo cha kulia. Akatazama cha kushoto. Akarudia cha kulia. Kisha akaniita kwa sauti ya mtu anayeogopa kucheka.

"Mama, mbona humu naona trei?"

"Ndiyo. Natazama mayai."

"Na barabara ya nyuma unaionaje?"

"Naisikia."

Nikamweleza. Wiki niliyoanza kuendesha, baada ya msiba, trei ilisogea njiani bila mimi kujua. Nilipofika nyumbani nikavigeuza vioo vyote viwili viangalie ndani, kila kimoja upande wake wa mzigo, nikaagiza fundi avikaze kwa spana visicheze. Tangu hapo mayai yangu hayajawahi kusogea hata unene wa ukucha bila mimi kuona. Na watu wananisifu kanisani kuwa mimi ni mwangalifu. Nami nimekuwa nikizipokea sifa hizo nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kamanda alikaa chini juu ya gunia la mbolea. Alicheka mpaka akaifungua kofia yake ili apumue. Wakaja wengine, kila mmoja akaikalia pikipiki yangu kwa zamu, kama watoto kwenye bembea, na kila aliyechungulia alishuka ameshika mbavu. Nesi peke yake hakucheka. Aliazima spana kwa fundi baiskeli, akavilegeza, akavigeuza.

"Kaa," akaniamuru. "Sasa unaona nini?"

Niliona barabara. Niliona magari, mikokoteni, mtu amebeba godoro, Mama Mikate anafunga kreti zake tupu. Kumbe vyote hivyo vilikuwepo nyuma yangu miaka yote, vinasubiri.

Kabla hatujawasha, Kamanda akanisogelea. "Kurudi, usiniache. Sitaki pengo tena. Ukibaki mbali nyuma yangu tena, hata sina haja ya kufikiri nitamwambia nini mwanao."

Nikamwahidi. Mvua ikaanza tukiwa tumeshatoka mjini, nyembamba, ya kuloanisha tu lami. Nikaufuata mkia wa Kamanda kama ndama. Meno ya zipu yakakaa sawa. Trei zilikuwa tupu, nalo lile yai moja nilikuwa nimelifunga kwenye kitambaa ndani ya mfuko wa koti, kwa hiyo macho hayakuwa na kazi. Nikayapeleka kwenye kioo, kwa Mama Mikate.

Mtu aliyefunga trei maisha yake yote anatazama mipira kabla ya kumtazama mtu. Mpira mmoja wa kreti zake ulikuwa umefunguka. Ncha yake yenye ndoano ilikuwa inachezacheza karibu na gurudumu la nyuma, inakaribia, inarudi. Yeye anakuja zake, uso umekunjwa kwa mvua, hana habari.

Mbele, Kamanda akaongeza mwendo.

Sitaki kujipamba. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa Mama Mikate, lilikuwa pikipiki. Nilihesabu kwamba Nesi yuko mwisho, yeye ataona. Kisha nikakumbuka kuwa kati ya Nesi na mpira ule kuna akina mama wa mboga na mvua. Nikapunguza. Taa ya Kamanda ikaanza kuwa ndogo.

Mkono wangu sikuuamini tena, wangedhani nashukuru kwa mvua. Nikabonyeza honi. Sikuwa nimeigusa tangu marehemu afariki, nikiiona ni kitu cha watu wasiolelewa, na ilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Nikaibonyeza tena. Mama Mikate akanijibu kwa honi yake, ndefu, ya matusi. Nikawa nagusa breki kidogo kidogo ili taa yangu imkonyeze, napunguza, naye anapunguza huku midomo yake inakwenda, na nikashukuru sisikii. Tukasimama wote pembeni ya lami.

"Sasa na hapa tumevuka nini?" akauliza.

Nikamwonyesha gurudumu. Ndoano ilikuwa imeshashika, na mpira umezunguka ekseli mara moja, umekaza kama uzi kwenye cherehani. Aliutazama, akakaa kwenye jiwe lililolowa bila kulipangusa.

Kamanda akatokea anarudi polepole, taa zinapepesa. Alikuwa amenikosa kwenye kioo. Alishuka, akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa mkasi wa kukatia nywele, akaukata mpira vipande.

Nikajisikia vizuri sana. Nikashuka nami, niende nikampe pole mwenzangu, nikasahau kuweka stendi. Pikipiki ikalala kwenye tope, taratibu, nami nikalala nayo, mbele ya wote, kama Jumapili. Nilipoingiza mkono mfukoni nikakuta lile yai la mjukuu.

Mwanangu alikuwa anasubiri getini. Alitazama tope, akatazama ute wa yai unaochuruzika kwenye koti langu, akamgeukia Kamanda.

"Peke yake, hapana," Kamanda akasema. "Anapunga mkono. Anapisha malori. Anasali kwa mikono. Vioo alikuwa anatazamia mayai."

"Anatazamia nini?"

"Atakueleza mwenyewe."

Mwanangu akatoa simu. Nilijua anampigia nani.

"Sijamaliza," Kamanda akasema. "Na sisi, ndiyo. Leo nilimwambia akibaki mbali nyuma yangu ameshindwa. Na alibaki, kwa ajili ya aliye nyuma yake."

"Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Ni ndiyo ya Alhamisi, akiwa nasi," Kamanda akasema. "Na wateja wake wa hapa, Mama Mikate anapeleka mikate nyumba hizo hizo kila asubuhi. Watakwenda wawili."

Mama Mikate akasema, "Mimi mbele. Yeye akikaa mbele tutafika na makombo."

Mwanangu alisimama na simu mkononi mpaka mwanga wake ukazimika. Akairudisha mfukoni. Kanisani atanipeleka yeye mwenyewe, akasema, hilo halina mjadala, na mpaka leo tunafika wimbo wa kwanza umeshaimbwa.

Alhamisi bado niko nafasi ya pili. Wamekuja wengine baada yangu, wameanzia pale, wamesogezwa nyuma wakiwa wamekomaa, mimi bado niko pale. Nilimuuliza Kamanda nitahamishwa lini. Akasema anaendelea kuniombea.

Vioo sijavigusa. Mayai nimemwachia Mungu, na tangu nimwachie yanavunjika kila wiki. Mwanangu anasema mayai hana wasiwasi nayo.