Kigelegele Chini ya Barakoa

Mimi naitwa Urvi, binti wa duka la vitambaa hapa hapa Bagamoyo, na nina hasira za karibu. Mwaka ule wa korona chuo chetu cha ukunga kilifungwa, kikafunguliwa, tukaambiwa tukimbizane na mafunzo ya wodini. Nilibakiza kuzalisha mzazi mmoja tu mbele ya msimamizi. Nikimkosa, narudia mwaka mzima, na wiki yenyewe ilikuwa ya mwisho.

Kina mama walinikataa. Kofia, miwani ya plastiki, barakoa. Kilichoonekana kwangu ni macho tu. Kila mmoja aliuliza huyu mtoto wa nani, halafu akamwita nesi. Jamani, nilichukia mpaka nikataka kulia.

Ijumaa asubuhi akaja Hajra wa Kaole, uchungu umemshika, na mama yake, Bi Mwanabaraka. Kwa ajili ya korona wasindikizaji walikuwa hawaingii, basi Bi Mwanabaraka akagoma mlangoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema mwanawe hamwachii mtu asiyemjua sura. Nikamweleza mimi ni wa duka la Vinod, pale aliponunua kanga za harusi ya Hajra. Akanipima kwa macho juu hadi chini.

"Haya," akasema. "Lakini kwetu mtu hajifungui kimyakimya. Mimi nitakaa hapo nje, dirishani. Akijifungua salama nipigie kigelegele, wewe mwenyewe. Na usithubutu kabla kondo la nyuma halijatoka. Huo ni uchuro."

Nikakubali upesi upesi. Tangu nizaliwe sijawahi kupiga kigelegele. Nyumbani kwetu kazi hiyo tuliwaachia majirani.

Msimamizi wangu, Daktari Najim, mtu asiyecheka hata umtekenye, alisimama pembeni amekunja mikono. Hajra akasukuma, akanitukana, akaniomba radhi, akanitukana tena. Mtoto akaja, msichana, akalia wodi nzima ikamsikia. Furaha ikanipanda kichwani, nikafungua mdomo. Hajra akanidaka mkono.

"Bado," akasema.

Kweli, kondo lilikuwa bado. Tukangoja. Bi Mwanabaraka alikwisha kumsikia mtoto, lakini huko nje bado anangoja kigelegele chake. Daktari Najim akasogea karibu. Niliogopa sana, ila mikono ikakumbuka ilichofundishwa, nikaenda nalo taratibu. Likatoka zima, na damu ikapungua.

Ndipo nikakimbilia dirishani nikapiga. Mungu wangu, chini ya barakoa ikatoka sauti ya jogoo aliyekabwa. Wodi ikaangua kicheko. Hajra, hoi vile vile, akapiga cha kwake. Wenzake wakadakia kitanda kwa kitanda, na Bi Mwanabaraka akajibu kule nje kwa kimoja kirefu, kisha akalia. Mimi nami nikalia, miwani ikajaa ukungu, hata njia siioni.

Daktari Najim akakohoa, akaniambia nimefaulu. Nikamshukuru, nikavua glavu, nikanawa, nikashika njia ya mlangoni. Nilitaka kwenda kulala tu.

Mama mmoja aliyenikataa alfajiri ile ile akajiinua kwa kiwiko, uso umemkunjamana kwa uchungu.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" akaniuliza. "Na mimi je?"

Nikavaa glavu nyingine.