Shuka la Buluu

Mtunzi aliingia nchi ile miaka ishirini iliyopita na gitaa la nyuzi nne. Wimbo wake wa kwanza aliutunga akipiga pasi kwa dobi, na ulimhusu mbuzi wa jirani aliyekula shuka la mama yake huko kwao. Hakuongeza chumvi. Kiitikio kilikuwa makelele ya mama mwenyewe, neno kwa neno: "Rudisha shuka langu, mwenye ndevu wee!" Ndiyo maana mama hakuchoka kuwakumbusha watu kwamba nusu ya wimbo ni yake.

Wimbo ukavuma, kisha ukamponyoka. Watu wakauimba harusini, wakauhamishia misibani, mwishowe shuleni, wamesimama wima kama mistimu ya umeme. Wasomi wakaandika vitabu viwili kueleza kwamba mbuzi ni dhuluma na shuka ni ardhi. Serikali nayo ikautangaza urithi wa kale wa taifa. Mtunzi alipokwenda kujieleza walimcheka mpaka mlangoni. Mgeni atunge wimbo wa kale?

Basi leo amekaa mbele ya afisa wa uraia, koti la kuazima linambana kwapani, mama yuko pembeni. Kibali cha mama kinaisha Ijumaa. Mtunzi akipata uraia, mama anabaki. Akikosa, mama anarudi kuishi peke yake, na magoti yale hayapandi tena ngazi tatu bila kushikwa. Limebaki swali moja, na jibu lake limechapishwa kwenye kijitabu cha mtihani.

"Mama, utakachosikia humo ndani, meza tu," alikuwa amemsihi mlangoni.

Afisa akafunua karatasi. "Wimbo wa Mbuzi ulitungwa na nani?"

Roho ilimuuma Mtunzi, na tuseme kweli, ilikuwa na haki ya kuuma.

"Na wazee wa kale."

"Wako hai?"

"Wote ni marehemu."

Mama akamkodolea macho.

"Sawasawa! Sasa uimbe."

Afisa akasimama, mkono kifuani. Foleni nzima nje ya mlango ikasimama naye. Mtunzi akaanza kuimba wimbo wake, na afisa akamkatiza.

"Taratibu, bwana, huu si wimbo wa mchezo. Halafu ni shuka jeupe, si la buluu."

"Lilikuwa la buluu!" mama akaropoka.

Afisa akamtazama kwa huruma. "Usijali, mama. Wageni wengi hukosea hapohapo."

Mtunzi akaimba jeupe. Afisa akabubujikwa na machozi, akapenga kamasi, akapiga mhuri.

"Karibuni sana," akasema. "Kuanzia leo wazee wale ni wenu pia."

Walishuka ngazi polepole, mama ameshika bega la mwanawe. Kwenye ngazi ya mwisho akasimama.

"Mwanangu, kubaki nimefurahi, sikufichi. Ila niambie kitu kimoja tu. Mimi nilikufa lini?"